Munganga John Gorrie na baridi ya ndani ya ndege

Katika ukurasa wa maisha ya watu wakubwa tumezoea kusoma juu ya Livingstone, Pasteur ao Edison. Mara hii nataka niwaeleze juu ya mutu ambaye jina lake halisikiwi sana huku kwetu, lakini kule Florida, katika inchi ya Marekani, wamemujengea sanamu. Ni munganga John Gorrie. Alikuwa munganga wa homa, na alikufa mwaka 1855, wakati hakuna hata mutu mumoja aliyekuwa amepanda ndege yenye moteri. Lakini leo, ndege kubwa ya abiria ikisimama uwanjani katika jua kali ya saa saba, na watu 150 wamekaa ndani wakingoja kuondoka, ile hewa ya baridi inayowapuliza kichwani karibu siku zote imetengenezwa kwa njia ile ile ambayo Gorrie aliitafuta kwa ajili ya wagonjwa wake wa malaria. Yeye mwenyewe hakuwaza ndege hata kidogo. Aliwaza kitanda cha mugonjwa.

Gorrie alizaliwa mwaka 1803, akakomalia South Carolina. Alisoma kazi ya unganga katika muji mudogo wa Fairfield, katika jimbo la New York, akamaliza mwaka 1827. Mwaka 1833 akaenda kukaa Apalachicola, bandari ya Florida, fasi ambapo muto wa Apalachicola unaingia katika bahari ya Mexico. Muji ulikuwa mupya. Uliishi kwa pamba: mashua za mvuke zilishuka na mizigo ya pamba kutoka bara, na merikebu kubwa ziliipeleka New York na Ulaya. Tusisahau ni nani waliolima ile pamba. Ni watumwa, watu wa ukoo wetu wa Afrika, na utajiri wote wa ile bandari ulisimama juu ya migongo yao. Kitabu kinachosifu Apalachicola bila kusema neno hili hakisemi habari nzima.

Gorrie hakuwa munganga tu. Alikuwa mukubwa wa posta, kiisha mwaka 1837 akawa meya wa muji. Alikuwa vilevile kati ya wazee wa kwanza wa kanisa la Trinity, kanisa la Waepiskopali. Lile kanisa lilikatwa mbao zake kule New York, likaletwa kwa merikebu vipandevipande, likaunganishwa palepale Apalachicola. Na mwaka 1838 Gorrie alioa mujane mumoja, Caroline Beman. Basi alikuwa mutu wa heshima, mwenye kazi nyingi na nyumba nzuri. Kama angetulia hivyo, angekufa tajiri na sisi tusingemujua.

Matata ilikuwa homa. Apalachicola ni fasi ya chini, yenye joto na mabwawa, na kila mwaka wakati wa joto malaria iliangusha watu. Mwaka 1841 homa ya manjano nayo iliingia katika sehemu ile, na muji wa jirani, St. Joseph, karibu wote ulikimbiwa na watu. Wakati ule hakuna munganga aliyejua malaria inatoka wapi. Hata jina lenyewe, malaria, ni la Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Walifikiri ni harufu ya mabwawa na majani yaliyooza, ikichanganyika na joto na unyevu, ndiyo inayoingia ndani ya mwili. Gorrie aliamini hivyo sawa wenzake. Dawa ya kinini ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka 1820, na waganga waliitumia, lakini yeye alitaka kuzuia ugonjwa mbele haujaanza. Akashauri watu wakaushe mabwawa ya karibu na muji. Shauri lile lilikuwa zuri sana, ingawa sababu aliyotoa haikuwa yenyewe! Bwawa likikauka, mbu hawana tena fasi ya kuzalia. Lakini hakuna aliyewaza mbu. Ni mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, munganga wa jeshi la Waingereza kule India, alipoona mududu wa malaria ndani ya tumbo la mbu.

Kiisha Gorrie akafikiri hivi: kama joto na unyevu vinaleta ugonjwa, na kama homa inaacha wakati wa baridi unapofika, basi nikipoza hewa ya chumba cha mugonjwa nitamusaidia. Namna yake ilikuwa rahisi. Alitundika chombo cha barafu, ile tunayoita glasi, karibu na dari. Hewa ya inje iliteremka kwa bomba, ikapita juu ya barafu, ikapoa. Hewa ikipoa inakuwa nzito, inaanguka chini juu ya kitanda, na ile ya zamani inatoka kwa tundu lililo karibu na sakafu. Wagonjwa walilala vizuri zaidi. Homa yenyewe haikupona kwa barafu, hilo tunalijua sasa. Lakini yeyote aliyepata kuugua malaria katika nyumba ya mabati wakati wa joto anaelewa kwa nini wale wagonjwa walimushukuru.

Lakini barafu yenyewe Florida wangeitoa wapi? Ilitoka mbali, katika maziwa ya kaskazini. Wakati wa baridi kali maji ya maziwa yanaganda kule, na watu waliyakata kwa misumeno, wakayafunika na unga wa mbao na kuyapakia ndani ya merikebu. Mukubwa wa biashara hii alikuwa Frederic Tudor wa Boston. Mwaka 1806 alituma merikebu ya kwanza kwenye kisiwa cha Martinique, na mwaka 1833 barafu yake ilifika mpaka Calcutta, India. Bei ilikuwa kali. Na kama merikebu ilichelewa, ao wakati wa baridi haukuwa na baridi ya kutosha kule juu, munganga wa Apalachicola alibaki na chombo kitupu.

Hapo ndipo Gorrie alijiuliza kwa nini asiifanye barafu yeye mwenyewe. Mwaka 1844 aliandika makala mengi katika gazeti la Apalachicola juu ya kuzuia malaria. Hakutia jina lake, alitia jina la Jenner, yule Mwingereza aliyefundisha watu chanjo ya ndui. Ndani ya makala yale alisema kwamba mashini inaweza kutengeneza baridi. Tangu mwaka 1845 aliacha karibu kazi yote ya unganga, akajifungia na mashini yake. Alifikiri hata siku moja muji muzima ungeweza kupozwa.

Sasa tuitazame ile mashini, maana bila kuielewa hatutaelewa ndege. Kila mutu aliyepiga pompi ya baiskeli anajua kwamba pompi inapata moto. Ukishindilia hewa katika fasi ndogo, inapata joto. Wengi wanajua hivyo, lakini wachache wanaendelea na upande wa pili. Shindilia hewa, ipate joto. Kiisha iache palepale ndani ya chombo, imejaa nguvu, na umwangie chombo maji mpaka joto ile iondoke. Sasa unayo hewa ya kushindiliwa ambayo si ya moto tena. Ukiifungulia itanuke, itakuwa ya baridi, baridi kuliko ilivyokuwa mbele ya kuanza. Na ukiifungulia ndani ya silinda ili isukume pistoni, yaani ifanye kazi, inapoa zaidi sana, kwa sababu nguvu ya kusukuma ile pistoni inatoka katika joto yake yenyewe. Wanafunzi wa siantifiki watatambua somo la termodinamiki. Wengine waamini tu, ao wamuulize mwalimu wa fizika.

Gorrie alifanya hivyo hasa. Pompi moja ilishindilia hewa, na ndani yake alirushia maji kidogo ili isipate moto kupita kiasi. Hewa ikapita katika bomba lililozungukwa na maji, ikapoa, ikangoja katika tangi. Kiisha ikaingia katika silinda ya pili na kutanuka. Ile silinda ilikuwa imezungukwa na maji ya chumvi, ambayo hayagandi upesi, na maji ya chumvi yakayapoza maji safi mpaka yakawa barafu. Na tena, hii ndiyo akili kubwa kwangu mimi: pistoni ya silinda ya pili ilisaidia kuzungusha pompi ya kwanza. Hewa iliyotanuka ilirudisha sehemu ya kazi iliyotumiwa kuishindilia. Tulishike neno hilo, tutalikuta tena.

Mwaka 1848 mashini kubwa ilitengenezwa Cincinnati. Watu wa Apalachicola husimulia kwamba mwaka 1850, siku ya sikukuu ya Wafaransa, tarehe 14 Mwezi wa Saba, konsuli wa Ufaransa aliwaalika watu katika hoteli ya muji, wakati hakuna merikebu ya barafu iliyokuwa imefika. Walionelea kunywa shampanyi ya joto. Gafula wakaleta shampanyi ndani ya barafu, iliyotoka katika mashini ya Gorrie. Bulletin yetu si fasi ya kusifu vileo, lakini habari ni habari. Mwaka ule ule alipata hati ya uvumbuzi Uingereza, na tarehe 6 Mwezi wa Tano 1851 akapata ya Marekani, namba 8080.

Sasa mutu angefikiri feza zitaanza kuingia. Hazikuingia. Mutu mumoja wa Boston alikubali kuwa mwenzake katika biashara, kiisha akafa. Gorrie akaenda New Orleans na fasi ingine kutafuta wenye feza. Mabenki yalimukatalia. Tuseme ukweli, mashini ilikuwa na makosa: ilivuja hewa, na kazi yake haikuwa ya sawasawa siku zote. Lakini makosa ya vile fundi angeyatengeneza kama angelipwa. Kilichomuumiza zaidi ni mazihaka. Gazeti moja la New York lilimucheka kwamba kule Florida kuna mwenda wazimu anayejidai kufanya barafu nzuri sawa ile ya Mungu Mwenyezi. Gorrie mwenyewe aliwaza kwamba Tudor na wauzaji wa barafu walikuwa nyuma ya maneno yale.

Hapa nataka nisimame kidogo, juu ya sisi ni masomo ya kanisa. Wako waumini waliofikiri kwa kweli kwamba kufanya barafu katika inchi ya joto ni kuingia katika kazi ya Muumba. Mimi naona laumu ile haikuwa na nguvu. Mutu anayewasha moto nyumbani wakati wa baridi, nani anamulaumu kwamba anashindana na jua? Na Gorrie alikuwa muzee wa kanisa. Alitafuta barafu kwa ajili ya wagonjwa. Wale waliomucheka kwa jina la Mungu waliendelea kununua barafu ya Tudor bila shaka yoyote.

Mwaka 1854 alichapisha kijitabu juu ya mashini yake. Hakikumusaidia. Alirudi nyumbani muzaifu, bila feza, na tarehe 29 Mwezi wa Sita 1855 akafa pale Apalachicola. Alikuwa na miaka 51.

Mashini haikufa pamoja naye. Mwaka 1857 William Siemens, injinia mukubwa wa Uingereza, aliichunguza, akaona wazo ni zuri na akaonyesha namna ya kuliendeleza. Wengine wakafuata. Mwanzo wa mwaka 1880 merikebu Strathleven ilifika London kutoka Australia na nyama iliyoganda, na baridi yake ilitengenezwa na mashini ya hewa iliyofuata njia ile ile ya kushindilia na kutanua. Lakini kiisha mashini za gazi zikashinda: amonia kwanza, kisha gazi zingine, ambazo zinageuka maji na kurudi kuwa gazi. Frigo ya duka ile inayouza soda baridi ni ya namna hii. Kwa kazi moja inatumia nguvu kidogo kuliko mashini ya hewa. Kufika mwaka 1930 ungesema njia ya Gorrie imekwisha, imebaki ya vitabu tu.

Ni ndege iliyoifufua. Katika miaka ya 1940 ndege za jeti zilipoanza, mainjinia waliona jambo moja. Moteri ya jeti yenyewe, mbele haijachoma kerozeni, inashindilia hewa nyingi sana. Kumbe kazi ngumu ya kwanza ya Gorrie imekwisha kufanywa! Inatosha kutoboa tundu katika moteri na kuchukua sehemu ya ile hewa. Inatoka ya moto sana, inaweza kukaribia digrii 200. Wanaipitisha katika chombo kinachofanana na radiatere ya gari, ambamo hewa ya inje inapita na kuondoa joto. Kiisha wanaishindilia tena kidogo, wanaipoza tena, na mwisho wanaiachilia itanuke katika turbini ndogo, gurudumu ambalo si kubwa sana lakini linazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika moja. Hewa inatoka upande wa pili karibu na digrii ya kuganda. Na ile turbini inazungusha nini? Inazungusha ile pompi ya kushindilia, juu ya muti mumoja wa chuma. Ni pistoni ya pili ya Gorrie inayosaidia ya kwanza.

Mutu atauliza: kama frigo inatumia nguvu kidogo, kwa nini ndege inachagua mashini yenye kula zaidi? Ni juu ya uzito. Mashini ya hewa ni nyepesi, haina gazi ya pekee inayoweza kuvuja katikati ya safari, na hewa ile ile inayopoza ndiyo abiria wanayopumua na inayojaza ndege wakati iko juu. Zilikuwa ndege zilizojaribu njia ingine. DC-8, zile ambazo Air Zaïre nayo iliziendesha zamani, zilitumia gazi ya freoni sawa frigo. Lakini ndege nyingi kubwa za jeti zilifuata hewa.

Sasa tufike kwenye ndege iliyosimama, maana hapo ndipo kuna kazi. Wengi wanafikiri ndege inahitaji kupozwa zaidi wakati inaruka karibu na jua. Ni kinyume. Kwenye metre 11.000 hewa ya inje iko chini ya sifuri kwa digrii 56 hivi, na kazi ni kuwapatia watu joto. Joto inawashika chini. Ndege ni bomba la chuma, lenye madirisha yasiyofunguka, limesimama juu ya beto inayowaka jua toka asubuhi. Hakuna upepo wa safari wa kuondoa joto katika zile radiatere. Ndani, kila mutu aliyekaa anatoa joto sawa taa moja ya wati 100, basi watu 150 ni sawa kuwasha rasho kumi na tano za wati 1.000 ndani ya chumba kilichofungwa. Ongeza vyombo vya pilote, vile masanduku ya elektroniki chini ya miguu yake, ambavyo navyo vinatoa joto na ambavyo vinaharibika haraka kuliko mutu kama havipozwi.

Na moteri kubwa zimezimwa. Haziwezi kuwaka wakati watu wanapanda ngazi na mizigo inaingizwa. Basi ile hewa ya kushindiliwa itatoka wapi?

Kwa ndege nyingi jibu liko katika mukia. Simama nyuma ya ndege kubwa iliyopaki, utaona tundu kwenye ncha ya mukia, na utasikia linalia kama firimbi. Ni moteri ndogo ya jeti, ambayo haisukumi ndege. Kazi yake ni umeme na hewa: inashindilia hewa na kuipeleka kwenye mashini za baridi chini ya tumbo, na feni inavuta hewa ya inje ipite katika zile radiatere mahali pa upepo wa safari. Boeing 727, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1964, ilikuwa ndege ya kwanza kubwa ya jeti ya abiria yenye moteri ndogo ya namna ile. Yake haikuwa mukiani bado, ilikuwa karibu na fasi ya magurudumu. Waliiwekea ili iweze kwenda katika viwanja vidogo ambavyo havina vyombo vya kuisaidia, na faida yake katika inchi za joto ni wazi kabisa.

Lakini ile moteri ndogo inakula kerozeni, na inapiga makelele kwa wafanyakazi walio chini. Kwa hiyo viwanja vingi vikubwa vinataka pilote aizime ndege ikisha kufika. Wanamuletea bomba nene, mara nyingi la rangi ya manjano, linalounganishwa chini ya tumbo la ndege na kuingiza hewa iliyokwisha kupozwa inje, na mashini ya frigo iliyo uwanjani. Ndiyo sawa Gorrie na bomba lake la dari: mashini iko mbali, baridi inakuja kwa mugonjwa. Fasi ambapo bomba hakuna, na moteri ndogo imeharibika, watu wa ndege wanabaki na njia za mikono. Wanafunga vipazia vya madirisha yote upande wa jua. Wanaacha milango wazi. Wanachelewesha abiria katika jumba la kungojea mpaka dakika ya mwisho, maana ndege tupu inapoa upesi kuliko iliyojaa. Mutu akiambiwa afunge kipazia cha dirisha mbele ya kushuka, asikasirike: ni kwa ajili ya wale watakaopanda nyuma yake.

Tena kuna jambo linaloogopesha abiria wapya. Katika miji yenye unyevu, sawa ile Apalachicola yenyewe, mara ingine moshi mweupe unashuka kutoka juu ya viti wakati mashini inaanza. Watu wanapiga kelele kwamba ndege inaungua. Si moshi. Ni hewa ya baridi sana inayokutana na hewa yenye maji mengi, na maji yanageuka ukungu. Katika mashini kuna chombo cha kutenga yale maji, lakini unyevu ukizidi, chombo kinashindwa kuyamaliza yote. Gorrie aliona maji namna hii yakiganda ndani ya mabomba yake, na inasemwa kwamba ndiyo yaliyomuonyesha barafu inaweza kupatikana.

Boeing 787, iliyoanza kazi mwaka 2011, haitoboi moteri kuchukua hewa. Inaishindilia kwa mashini za umeme. Lakini baada ya hapo hewa inapita katika radiatere na turbini sawa zingine zote, basi njia ni ile.

Watu wa Florida walimukumbuka Gorrie. Mwaka 1914 jimbo lao lilipeleka sanamu yake Washington, katika jumba la Bunge, ambamo kila jimbo linaruhusiwa kuweka watu wawili tu. Wao walimuchagua munganga aliyekufa bila feza. Apalachicola kuna nyumba ya ukumbusho yenye mufano wa mashini yake, na daraja lenye jina lake.

Neno moja limebaki, juu ya wale watakaosafiri siku moja kutoka uwanja wa joto. Hewa ya kupoza abiria inaibwa katika nguvu ya moteri. Fasi yenye joto nyingi, ao iliyo juu ya milima, hewa ni nyepesi, na ndege nzito inahitaji nguvu yake yote kwa kuruka. Basi mara ingine pilote anafunga mashini za baridi mbele ya kukimbia barabarani. Gafula kunakuwa kimya juu ya vichwa, joto inapanda, watu wanaanza kujipepea na makaratasi. Inadumu dakika chache. Ndege ikisha kupanda vizuri, anazifungua tena, moja kwanza, kiisha ya pili.